Albamu Imetoka, Mwimbi Haijafika

Hoja iliyo mezani ni hii: albamu mpya za roki na za muziki wa pembeni, zile zinazotengenezwa na wanamuziki wasiobebwa na kampuni kubwa, zinatuhusu watu wa Ufipa, na tukizisikia tuzilipie. Ningekuwa Dar es Salaam nisingejisumbua nayo. Huko kila mtu ana la kusema kuhusu muziki na hakuna anayesikilizwa. Lakini hapa ni Mwimbi, wilaya ya Kalambo, na mpaka wa Zambia hauko mbali. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka huo, wanaoana, wanauziana mahindi na maharage, wanazikana. Na Zambia ni nchi iliyowahi kuwa na roki yake yenyewe, ikavuma mpaka ikaitwa kwa jina la nchi: Zamrock. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema roki ni kelele za Wazungu, anasema jambo ambalo jirani yake alikwisha kulikanusha miaka hamsini iliyopita.

Sauti nitakazozipa nafasi nimezitunga mwenyewe, ila kila moja imesimama mahali ambapo muziki wa hapa unapita kweli. Yuko Mwalimu wa sekondari, anayetetea hoja. Yuko Mama, mwenye kilabu cha pombe na sabufa mbili, anayeipinga. Yuko Kijana wa kibanda cha simu, ambaye anachajisha betri, anabadilisha vioo vilivyopasuka na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Na yuko Mzee wa kwaya, mpiga besi wa parokiani. Mimi ni mwenyekiti, na sikuapa kutopendelea.

MWALIMU: Tumsifu Yesu Kristo.

WOTE: Milele, amina.

MWALIMU: Ahsanteni. Mwaka 2023 bendi ya WITCH ya Zambia ilitoa albamu iitwayo Zango. Ilikuwa imepita miaka karibu 40 tangu watoe albamu nyingine. Waliirekodi Lusaka, katika studio za DB zilezile zilizojulikana enzi zao. Kiongozi wao, Emmanuel Chanda, anayeitwa Jagari kwa sababu vijana wa zamani walimlinganisha na Mick Jagger wa Rolling Stones, sasa ni mzee aliyevuka miaka 70. Mwaka 2025 wakatoa nyingine, Sogolo. Hawa ni watu wa jirani, wanaimba mambo ya jirani. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini albamu hizo zinajulikana Los Angeles na Amsterdam, na Kalambo hazijulikani?

MAMA: Hiyo bendi umesema inaitwaje?

MWALIMU: WITCH.

MAMA: Mwalimu, mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini neno hilo nalijua. Utalitangaza hapa kwa sauti?

MWALIMU: Ni herufi tu, Mama. Zinasimama badala ya maneno, kwamba wao wanakusudia kuzusha fujo.

MAMA: Wachawi wanaokusudia kuzusha fujo. Nikilitangaza hilo kilabuni wateja watakimbia, tena watakimbia na deni langu.

Tulicheka, lakini Mama hakusema upuuzi. Katika kanda hizi vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na Sumbawanga imebebeshwa sifa hiyo nchi nzima kiasi kwamba ukimwambia mtu wa Pwani unatokea huko anakuvutia kiti kwa tahadhari. Jina ambalo kijana wa Kitwe mwaka 1975 aliliona la kuchekesha, hapa lina uzito mwingine kabisa. Mwalimu angelijibu vizuri zaidi. Badala yake alikwenda kwenye historia, ambako ana nguvu.

MWALIMU: Naomba niseme roki hii ilitoka wapi. Miji ya migodi ya shaba, Kitwe, Ndola, Chingola, ilikuwa na vijana wenye mishahara, na kumbi za kuchezea zilikuwepo. Rais Kaunda aliagiza redio ya taifa ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95. Sasa fikirieni kijana aliyekua akisikiliza Jimi Hendrix na James Brown, halafu redio inamwambia: hayo tumeyapunguza, leta yako. Akaleta yake, kwa gitaa lilelile linalokwaruza, akatia mdundo wa kwao na maneno ya Kibemba au Kinyanja katikati ya Kiingereza. WITCH wakatoa Lazy Bones!! mwaka 1975. Amanaz wakatoa Africa mwaka huohuo. Paul Ngozi na Ngozi Family wakaja na gitaa kali zaidi. Hakuna aliyewaelekeza kutoka London.

MAMA: Ikawaje basi wakanyamaza?

MWALIMU: Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Vita vya Rhodesia vikaleta amri za kutotembea usiku, bendi zikawa zinapiga mchana. Kanda za kunakili zikaua santuri. Kisha disko ikaja, na disko haihitaji watu watano wenye njaa jukwaani. Halafu UKIMWI. Katika wale walioanza WITCH, Jagari peke yake ndiye aliyebaki kusimulia. Alikuwa amekwenda kuchimba mawe ya thamani.

Mzee alikuwa amenyamaza muda wote huo, mikono juu ya fimbo. Alipoomba nafasi nilimpa mara moja, kwa kuwa ndiye pekee kati yetu aliyewahi kuishika besi kwa kulipwa, hata kama malipo yenyewe yalikuwa mchele.

MZEE: Mwalimu amesema kweli, lakini amesema ya upande mmoja wa mpaka. Upande wetu ilikuwa hivi. Gitaa lilikuwa la shirika. Bendi ya NUTA tangu mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za jeshi, za polisi, za mashirika ya umma. Wewe mwanamuziki ni mwajiriwa. Ukiondoka, unaacha gitaa, unaacha na jina. Ukitaka kurekodi, unakwenda Radio Tanzania, na kanda inabaki Radio Tanzania. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, zilichapwa Nairobi. Muziki ulikuwa mtamu, sisemi vinginevyo, mimi hadi leo nikisikia magitaa ya wakati ule vidole vinaniwasha. Lakini kijana ajinunulie gitaa la umeme na spika yake, akae na wenzake wanne wapige wanavyotaka? Angelinunua wapi?

KIJANA: Kwa hiyo babu, hakukuwa na hata bendi moja ya roki?

Hapo nikaingilia, maana jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Ilikuwepo. Sunburst ilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpiga gitaa wake Hembi Flory Kongo, mwimbaji wake James Mpungo. Ilikuja mara tu baada ya mwezi Novemba 1969, ambapo uongozi wa mkoa wa Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za dansi, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na si utamaduni wetu. Sunburst walichanganya magitaa ya roki, soul ileile iliyolaaniwa, na mapigo ya ngoma za hapa. Walirekodi nyimbo redioni kama wengine. Lakini walipotaka albamu kamili, nchi yao haikuwa na pa kuifanyia. Wakavuka kwenda Zambia. Albamu yao ya pekee, Ave Africa, ilirekodiwa huko mwaka 1976, kisha bendi ikasambaa. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, lebo ya Strut ya London ikaikusanya pamoja na nyimbo za redioni na kuitoa upya.

Itazame safari hiyo. Albamu ya Watanzania inarekodiwa Zambia, inafufuliwa Uingereza, na Mtanzania anayetaka kuinunua leo anaagiza kutoka nje na kulipia na posta. Wakati ule barabara ya lami, bomba la mafuta na reli mpya vyote vilikuwa vimeielekea Zambia. Bidhaa za Zambia zilipita kwetu kwenda bandarini. Muziki wetu ulikwenda kinyume, ukavuka kwenda kutafuta studio.

MWALIMU: Mwenyekiti amenisaidia. Hiyo ndiyo hoja yangu.

MAMA: Hakukusaidia, amekuvua nguo. Wewe umesema ni muziki wetu, unatuhusu. Yeye amesema aliyeutunza ni Mwingereza. Mimi nauliza kama mfanyabiashara: kitu changu kikikaa kwa jirani miaka 40 na mimi sikukitafuta, kweli nilikuwa nakihitaji?

KIJANA: Shikamoo Mama. Naomba niseme ya kibandani.

MAMA: Marahaba, sema.

KIJANA: Mtu akija kwangu analeta memori, anasema niwekee za kucheza, au niwekee za dini, au niwekee za Kikongo za zamani za baba. Basi. Hasemi albamu. Namwekea nyimbo mia, mia mbili, kwa pesa ndogo. Zamani tulikuwa tunauza CD zenye MP3, sasa ni memori na flashi. Mwenye simu kubwa ana bando, anasikiliza mwenyewe YouTube. Zango nimeitafuta baada ya Mwalimu kuniambia, ipo. Nimeisikiliza yote. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeniomba wimbo wa WITCH, na mimi sijamwekea mtu, kwa sababu mteja akikuta nyimbo asizozitaka anarudi kudai nimemjazia memori.

MWALIMU: Lakini wewe uliipenda.

KIJANA: Zipo nyimbo tatu nilizirudia. Lakini niwaambie kilichonishangaza zaidi. Mwaka 2024 yule Tyler, the Creator wa Marekani alitoa albamu ya Chromakopia. Ina wimbo unaitwa Noid. Nimeweka ile ngoma kibandani, linaanza gitaa zito, halafu mtu anaimba Kinyanja! Mimi nakwenda Mbala kufuata vifaa vya simu, Kinyanja nakisikia sokoni. Nikafikiri simu imechanganya nyimbo mbili. Kumbe ni sauti ya Ngozi Family ya miaka ya sabini, Mmarekani ameikata na kuiweka ndani ya wimbo wake. Dunia nzima imecheza. Paul Ngozi mwenyewe alifariki mwaka 1989.

MZEE: Na familia yake imepata nini?

KIJANA: Hilo sasa mimi sina.

Hapa mjadala uliacha njia yake, na niliuacha utangetange kidogo kwa sababu ulikuwa umegusa donda. Kuna wanaoona lebo za nje zinazofufua muziki wa Afrika kuwa ni wawindaji wa pembe waliobadili silaha. Kuna wanaoziona waokozi. Mwalimu alisema lebo ya Now-Again ya Los Angeles ilimtafuta Jagari, ikakubaliana naye, ikatoa santuri za WITCH kwenye kasha moja mwanzoni mwa muongo uliopita. Kisha mwaka 2019 ikatoka filamu kumhusu. Katika miaka hiyo akapata vijana wa Uholanzi wa kupiga naye, akazunguka dunia, na Zango ikazaliwa. Bila ule msako wa santuri kuukuu, albamu mpya isingekuwepo. Mama alisema aliyeokolewa kwenye mto na mtu anayeuza maji bado anadaiwa maji. Sikumwelewa sawasawa, na nadhani hata yeye alipendezwa tu na mlio wa maneno.

Mimi naona ubishi wa mwizi au mwokozi unatupendeza kwa sababu unatuweka pembeni. Tukishamhukumu Mzungu, vizuri au vibaya, hatuulizwi tena sisi tulikuwa wapi. Na wimbi hili halihusu Zambia peke yake. Singeli ya Mburahati na Manzese, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ilitoka kama albamu ya kusikilizwa duniani mwaka 2017, Sounds of Sisso, na walioitoa ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya mayowe ya metali na mashine, walitoa albamu yao 2020 kwa lebo hiyohiyo. Mmoja wao, Lord Spikeheart, akatoa yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024. Mwaka huo Pendo na Leah wa ukoo wa Zawose wa Bagamoyo, wenye asili ya Ugogo, wakatoa Maisha kwa lebo ya Real World ya Uingereza, ileile iliyomtoa Hukwe Zawose. Hizi zote ni albamu za pembeni, za watu wetu, na zote zinamfikia msikilizaji wa Berlin kabla ya kumfikia wa Sumbawanga.

MZEE: Mwenyekiti, naona mnalia sana. Mnaongea kana kwamba Ufipa haijawahi kutoa albamu.

MWALIMU: Albamu ya nani, Mzee?

MZEE: Ya kwaya. Kwaya gani hapa haina albamu? Sisi tulipotoa yetu hatukumwandikia mtu wa Los Angeles. Tulikaa kikao. Kila mwanakwaya akapangiwa mchango, asiye na fedha akaleta debe la mahindi, maharage yalipovunwa tukauza ya shamba la kwaya. Jumuiya ndogondogo zikachangia. Tukakodi gari, tukaenda studio, tukalala huko sakafuni, tukarekodi. Video tukapiga kwenye mawe na kwenye maporomoko, kama kila kwaya inavyofanya. Tukarudi, tukafanya uzinduzi. Mgeni rasmi akanunua ya kwanza kwa bei ya kuonekana, wengine wakafuata. Deni la sare likalipwa. Nakala zikauzwa nje ya kanisa baada ya misa. Nyimbo ni zetu, kinanda ni chetu, deni lilikuwa letu. Sasa niambieni, huyo Jagari wenu amekuwa huru kuliko mimi kwa lipi?

Sijui kama waliokuwepo walilipima neno hilo. Mimi nilikuwa nimekuja na hoja yangu kwapani, kwamba muziki huru hapa hauna mfumo wa kuubeba. Mfumo upo, tena umejengwa bila mfadhili wala semina. Wanamuziki wa bendi ndogo za Marekani na Ulaya wanaojivunia kujirekodi wenyewe, kuuza wenyewe kwenye meza ya nyuma ya ukumbi, na kuwachangisha mashabiki kabla albamu haijakamilika, wanafanya kile ambacho kwaya ya kijijini Kalambo inafanya kila baada ya mavuno. Tofauti ni kwamba wao wameandikiwa vitabu.

Na tukilishika hilo, historia ya WITCH na Sunburst inasomeka upya. Sunburst hawakukosa kipaji, wala hawakukosa nyimbo. Walikosa umati uliojiona una hisa ndani yao; walikuwa na wasikilizaji wa ukumbi wanaolipa mlangoni, na redio isiyowalipa. WITCH wa kwanza walikuwa na umati wa miji ya migodi, na shaba ilipoanguka umati ukaanguka nayo. WITCH wa leo wana umati mwingine, uliotawanyika Ulaya na Marekani, unaonunua santuri mpya kwa bei ya mbuzi. Kila albamu iliyo huru na kampuni inategemea watu fulani waliokubali kutoa kabla ya kupokea. Swali la Mwimbi ni kama watu hao wanaweza kupatikana hapa kwa muziki usioimbwa kanisani.

MWALIMU: Mzee, sikukatalii. Lakini uhuru wako una uzio. Nyimbo zako zinapita kwa kamati ya liturujia, zinapita kwa paroko. Ukitaka kuimba kuhusu mtoto aliyekimbia nyumbani, au kumkejeli diwani, au kusema tu kwamba una huzuni na hujui sababu, utaimba wapi? Roki ilibeba mambo hayo.

MZEE: Ukiwa na huzuni na hujui sababu unakwenda kuungama.

MAMA: Na mimi niongeze upande wa Mwalimu, ingawa simuungi mkono. Watu hawanunui albamu ya kwaya kwa sababu ya muziki. Wananunua kwa sababu binti yao yuko mstari wa pili, amevaa kitenge walichokishona wao. Ukiwaondoa mabinti, hakuna albamu.

MZEE: Ndivyo hasa. Na nyie mnataka wanunue ya mtu ambaye binti yake hawamjui.

KIJANA: Basi atokee mtu wanayemjua.

Kijana alilisema hilo kwa sauti ndogo, kisha akalazimika kulieleza. Kibandani ana kompyuta mpakato yenye programu ya kutengenezea biti. Vijana wanakuja na mashairi yao kwenye simu, wanarekodi bongo fleva wakiwa wamefunika kichwa na blanketi ili baridi na upepo wa Ufipa visiingie kwenye maiki. Wote wanafanana, alisema, kwa sababu biti zote zinatoka mahali pamoja na wote wanataka kuimba kama mtu wa Dar. Siku moja mchungaji wa ng'ombe alikuja na banjo aliyoitengeneza kwa galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Akaipiga. Mlio wake ulikwaruza kuliko gitaa lolote la Zango. Kijana alirekodi dakika chache, akamwambia mwenye banjo arudi, na banjo ikaenda machungani.

MWALIMU: Hicho ndicho kitu chenyewe! Kalindula ya Zambia ilianza hivyohivyo, na banjo za kujitengenezea na babatoni. Wamwiduka Band wa Mbeya wametoka mitaani na ala za kujiundia wakafika jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar. Roki si lazima iwe na gitaa la dukani.

MAMA: Sasa mmesogea. Hilo la banjo naweza kulisikiliza. Lakini tusidanganyane kuhusu hayo ya WITCH. Mimi nimeyasikiliza, Kijana alinirushia. Kuna wimbo gitaa linalia dakika nzima kama mlango wa ghala. Mteja wangu amelima siku nzima, amepata kikombe chake cha pombe ya ulezi, anataka kucheza au anataka kubishana. Gitaa linalolia linamfanya akae kimya. Mteja aliyekaa kimya hanywi.

Mwalimu alijaribu kusema kwamba kukaa kimya ni kusikiliza. Nilimzuia. Kilabu ni mahali pa Mama, na hesabu ya Mama ni ya kweli kuliko nadharia zetu zote. Zamrock yenyewe ilikuwa muziki wa kuchezwa. Vijana hawakujaa kumbi za Kitwe kuja kutafakari. Sisi tunaoisikiliza leo kwa spika za masikioni ndio tuliobadilisha kazi yake, na kisha tunamshangaa mwenye kilabu kwamba hakuielewa.

Palibaki jambo la malipo, ambalo lilikuwa nusu ya hoja na ambalo wanamijadala hulikwepa kwa kuwa halina shairi ndani yake.

KIJANA: Tuseme mteja ametokea, anaitaka Zango. Ananilipa mimi. Mimi namlipa nani? Ule mtandao wa Bandcamp wanaouzia albamu unataka kadi ya benki. Mimi nina laini ya simu.

MWALIMU: Mimi ninayo kadi, ya mshahara. Naweza kununua.

KIJANA: Ukishanunua wewe, mimi nikiwanakilia watu ishirini, tumelipa au tumeiba?

MWALIMU: Tumeiba mara 20 na kulipa mara moja.

MZEE: Sisi nakala zetu za kwaya zinanakiliwa kibandani kwako, kijana wangu, na sijawahi kuona hata mia.

KIJANA: Babu, hizo naweka kama nyongeza.

MZEE: Najua. Nimekunyamazia kwa sababu watu wanazisikia.

MAMA: Na mimi niseme langu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inasema mwenye kilabu alipe kwa kupiga muziki. Sawa. Lakini ninalipa kwa ukubwa wa kilabu, silipi kwa wimbo. Nani anaandika kwamba Jumamosi ile nilipiga wa Zambia mara tatu na wa Diamond mara moja? Hakuna daftari. Fedha ikigawanywa itakwenda kwa anayejulikana kupigwa. Huyo Jagari wenu, na huyo mwenye banjo, watapata kutoka kwenye ada yangu kiasi gani?

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa Mama alikuwa ameeleza kwa sentensi nane ugonjwa wa mgao wa mirabaha unaowasumbua hata wenye kompyuta zinazosikiliza redio usiku na mchana: kilichopigwa pembeni hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakilipwi. Ndiyo maana narudi kwa Mzee. Kwaya haingoji mgao. Inakusanya kabla. Mwenye banjo akichangiwa debe tano za mahindi kabla ya kurekodi, hata Kijana akimnakili mara mia atakuwa ameshakula.

Nilipendekeza tufunge hoja kwa kuibadilisha: tusiwadai watu walipie Zango, tuwadai wamchangie mwenye banjo, na Zango ipigwe kama mfano wa mahali ambapo ala ya namna hiyo inaweza kufika. Mwalimu aliona nimeiua hoja yake. Mzee aliona nimechelewa kufika alipokuwa yeye tangu mwanzo. Mama akataka masharti.

MAMA: Jumamosi, saa kumi jioni, kabla hawajachangamka. Nyimbo mbili za Zambia, zile za kuchezeka, nitazichagua mimi. Jina la bendi hatulitaji. Halafu huyo wa banjo apige moja kwa moja, si kwa flashi, watu wamwone uso wamjue mtoto wa nani. Kikapu kipite. Nusu ya kikapu ni yake, robo ni ya umeme wangu.

KIJANA: Na robo iliyobaki?

MAMA: Ya kukodi spika ya kwaya. Sabufa zangu hazina tundu la kuchomekea banjo.

MZEE: Spika ya kwaya haiendi kilabuni.

MWALIMU: Mzee, ni kwa saa mbili tu.

MZEE: Mimi sina neno, lakini mwenye kauli ni paroko, na mimi siendi kumwambia. Aende aliyeleta hoja. Na amwambie ukweli kwamba ni kilabuni, asiseme ni semina.